Mwani wa Mama na Udongo wa Uluguru

Sisi tuliokulia Kihonda enzi za ruksa tunajuana hata kwa tabia ndogondogo. Ukimwona mtu mzima, ana gari na nyumba yake, lakini bado anaukunja mfuko wa nailoni na kuuhifadhi chini ya godoro, huyo ni wa rika letu. Tulizaliwa wakati wa foleni za sukari na sabuni, tukapata akili wakati maduka yamejaa ghafla, redio za kaseti zinalia kila kibanda na mitumba imemwagwa chini sokoni kama mavuno. Wazazi wetu walikuwa wakisema zamani hela ilikuwepo bidhaa hazipo, sasa bidhaa zipo hela haipo. Sisi watoto hayo hatukuyajua. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tulicheza kombolela mpaka giza litukute, na mchana wa jua kali tulitoroka kwenda kuogelea Ngerengere. Tulidhani hatutajulikana, kumbe ngozi zetu zilikuwa zimepauka kama tumepakwa majivu. Mama alikuwa na maneno yake: "Ukifa maji huko mtoni, usije ukarudi hapa kwangu, nitakuchapa." Na sisi tulikiogopa hicho kichapo kuliko kufa.

Mama yangu alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mashine ya kufuma na kuunga nyuzi zilizokatika. Alirudi jioni nywele zikiwa na vumbi jeupe la pamba, nasi tukimwita bibi kizee, anatukimbiza kwa kanga. Vidole vyake vilikuwa na wepesi wa ajabu. Alikuwa anaweza kufunga fundo huku anaongea na jirani, huku anatuangalia sisi kwa jicho la pembeni.

Kisha kiwanda kikaanza kupunguza watu. Siku moja Mama alirudi mchana, na hilo peke yake lilitutisha. Alivua viatu, akaketi kizingitini, akatuambia tukacheze. Baba alikuwa fundi baiskeli, kibanda chake kilikuwa palepale mbele ya nyumba. Alimwona mkewe akija saa ile. Alinawa mikono yenye grisi, akaingia jikoni, akachemsha chai mwenyewe. Mimi sikuwahi kumwona Baba akichemsha chai. Nikajua kuna jambo.

Miezi ikapita, Mama akiuza maandazi, kisha vitumbua, kisha maandazi tena, kwa sababu kila mwanamke aliyepunguzwa kiwandani alikuwa anauza maandazi, na hakukuwa na wa kuyala. Ndipo ikaja salamu kutoka pwani. Dada yake Mama, niliyemwita Mama Mkubwa, alikuwa ameolewa katika kijiji kidogo upande wa Bagamoyo. Wote wawili walizaliwa milimani, huku Uluguru, upande wa Kinole, lakini yeye alimfuata mume baharini tangu usichana. Alimpa dereva wa lori ujumbe kwamba siku hizi wanunuzi wa mwani wamefika, wanawake wa kijiji wote wanalima baharini, na mdogo wake aje haraka kabla nafasi hazijaisha.

Baba aliuliza kulima baharini ndiyo kufanya nini. Mama hakujua. Alikuwa hajawahi kuiona bahari. Lakini shule zilipofungwa mwezi wa sita alifunga kanga zake kwenye furushi, mdogo wangu akaachwa kwa Baba, mimi nikachukuliwa. Tulipanda basi Msamvu, tukaipita Mikese nikiwa bado nimesimama dirishani, na baada ya kubadilisha magari tulifika jioni tukiwa wekundu kwa vumbi.

Bahari niliiona asubuhi yake. Enyi wa pwani, msicheke. Nilidhani ni mto uliofurika, na kwamba ng'ambo yake imefichwa na ukungu kama inavyokuwa kwa Bibi kule mlimani. Nikachota maji nikanywa ili nitulize kiu, nikayatema yote. Mwanaidi, binti wa Mama Mkubwa, rika langu kabisa, alicheka mpaka akakaa chini. Akawaita wenzake waje wamwone mtoto wa milimani anayekunywa bahari. Nilinuna, lakini mchana alinigawia tasi wa kuchoma, samaki mnene mwenye miiba mikali mgongoni, na wali wa nazi, na urafiki wetu ukaanza hapo.

Mama Mkubwa alitufundisha kazi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanakupwa mbali sana, na bahari inaacha wazi uwanja mkubwa mpaka karibu na mwamba ambako mawimbi yanavunjika. Ndio hapo wanawake wanatoka, sketi zimefungwa magotini, wamebeba vigingi na kamba. Unachomeka vigingi kwenye mchanga, unavuta kamba kati yake, na kwenye kamba unafunga vipande vidogo vya mwani, kimoja kimoja, kwa uzi. Maji yakijaa yanavifunika, na vipande vinakula jua na chumvi, vinanenepa. Mama alipoonyeshwa fundo mara moja tu, alifunga kamba nzima wakati wenzake bado wako katikati. Wanawake wakasimama kumtazama. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kimwache, nilimwona Mama akiringa.

Nami nilijifunza kwa miguu. Mwanaidi alinitembeza uwanja ule wote. Ufukweni kabisa palikuwa na mchanga mtupu, jua linauchoma, mwani hauwezi kuishi hapo. Ukisonga mbele unakuta nyasi bahari, shamba zima la majani ya kijani yanayolala upande maji yakipita, mengine mapana kama utepe, mengine membamba kama nyuzi. Ndani yake kulikuwa na vifaranga vya samaki, kaa wadogo, majongoo bahari yamelala kama matango yaliyosahaulika, na viti vya pweza vyekundu, vyenye umbo la nyota. Mwanaidi alisema humo ndimo samaki wanamolelea watoto wao, kwa hiyo tusikanyagekanyage ovyo. Mbele zaidi, penye mawe, ulikuwepo mwani wa mwitu wa kila rangi, kahawia na zambarau na kijani cha limau, umeshika miamba kwa ukaidi. Na katikati, penye mchanga wenye nyasi chache na maji ambayo hayakauki kabisa, ndipo wanawake walipofunga kamba zao. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, kama vile kule mlimani migomba ina mahali pake na maharage mahali pake.

Tatizo lilikuwa kwamba mahali hapo pazuri pamejaa. Mama alikuja mwisho. Akapewa sehemu ya pembeni, upande wa mlango wa mto Ruvu, ambako mchanga ulikuwa mweupe, mpana, hauna hata unyasi mmoja. Alifurahi kwa kupata shamba safi lisilohitaji palizi. Tukalijaza kamba. Kiangazi chote mwani wake ulistawi, akavuna, akauanika juu ya makuti mpaka kijiji kizima kikanuka ule uvundo wa chumvi ambao hata leo ukinipitia puani nasikia njaa. Niliporudi shule yeye alibaki. Alimtumia Baba kanga za kuuza na mimi akaninunulia viatu vipya dukani, siyo mitumba. Vilikuwa vikubwa. Nilivijaza magazeti mbele, nikatembea Kihonda nzima kama bata, nikijiona.

Mwaka uliofuata masika yalikuja kwa fujo. Uluguru ilifunikwa na mawingu, na Ngerengere ikapanda mpaka tukakatazwa hata kuisogelea. Tulisimama mbali tukatazama maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita na magogo na mabua. Sikufikiri yanakwenda wapi. Mtoto akiona mto anaona unapita tu.

Likizo fupi ya mwezi wa nne nilikwenda kwa Mama nikiwa na hamu ya tasi. Nikamkuta amekonda. Kesho yake maji yalipokupwa nilimfuata shambani, na hapo nikaona. Mwani wake ulikuwa umepauka, mweupe kama mfupa, na ukiushika unateleza na kukatika mkononi kama mlenda. Kamba baada ya kamba ilikuwa hivyohivyo. Wenzake wa upande wa kusini mashamba yao yalikuwa yamedhoofu kidogo tu, yanaishi. La kwake lilikuwa limekufa lote.

Maneno yalikuwa yameshaanza kijijini. Wapo waliosema mgeni ameingia baharini na nuksi yake. Wapo waliosema amekwenda kufunga vigingi mahali pasipotaka watu. Mama aliyasikia kisimani, akayameza. Baba naye alikuwa ametuma neno kwamba arudi, watajibana. Nadhani siku ile alikuja shambani ili ang'oe vigingi, amalize.

Alianza kung'oa. Kwenye kigingi cha tatu au cha nne alikuta gogo la mgomba limekwama na kamba, na chini yake tope limejikusanya. Alilichota. Akalisugua kati ya vidole, akalinusa, akalisugua tena. Lilikuwa jekundu, la kunata, jekundu lile la kuta za nyumba ya Bibi. Kisha akachovya kidole kwenye maji, akaonja. Akaniambia nionje. Yalikuwa na chumvi kidogo sana, kama mchuzi uliosahauliwa kutiwa chumvi.

Akakaa chini palepale majini. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia.

"Zuhura," aliniambia, "huu ni udongo wa kwa mama. Umenifuata mpaka huku."

Mama Mkubwa alipofika alikaa naye kwenye tope. Alisema watu wa pwani wanajua kwamba maji baridi ya mto, yasiyo na chumvi, yanaua mwani, na tope linaufungia jua, lakini kwa miaka yote aliyoishi hapo mto haukuwahi kusogea hivi, wala kuwa mwekundu hivi. Alijilaumu kwa kumpa mdogo wake sehemu ile. Mama alimkatiza. Alisema hakuna aliyejua, na sasa wanajua.

Jioni wanawake walikusanyika uani kwa Mama Mkubwa. Mimi na Mwanaidi tulikuwa tunakuna nazi, tukasikia yote. Mama aliweka lile tope kwenye sinia katikati, akawaeleza linatoka wapi: mlima gani, vijito gani, mto gani. Wengi hawakuwa wamewahi kufikiri kwamba Ruvu ina mwanzo. Mmoja wao, mkubwa kwa umri, akasema kumbe ndiyo maana upande ule nyasi bahari hazijawahi kuota, maana nazo hazipendi maji baridi. Wakaanza kujadiliana. Wakakubaliana kwamba kuanzia sasa mtu akitafuta sehemu ya kufunga mwani, atazame kwanza nyasi: zikikosekana kabisa, asiende, zikiwa nzito mno, asiende pia, kwa sababu tasi watakula mwani wote. Atafute pale zilipo chache na maji maangavu.

Na bamvua iliyofuata wakasogea. Hakuna aliyetoa hotuba. Kila mmoja alivuta vigingi vyake kidogo, huyu huku na yule kule, mpaka katikati ya mashamba yao ukapatikana ukanda mwembamba. Kila mmoja akampa Mama konzi ya mbegu, vile vipande vibichi vya mwani, kutoka kwenye kamba zake mwenyewe, hata wale waliosema habari za nuksi. Mama alifunga mafundo kwa vidole vile vya kiwandani, haraka, bila kuinua uso. Nilijua kwa nini hainui uso.

Mwani ule ulishika. Mama alilima pale miaka mingi, akienda na kurudi, na ada zetu za sekondari, mimi na mdogo wangu, zilitoka kwenye zile kamba.

Lakini kuna jambo alilolifanya mwisho wa mwaka ule ambalo kwangu ni kubwa kuliko ada. Alitupeleka kwa Bibi, mlimani. Tulipanda kwa miguu, mvua za vuli zimeanza, njia inateleza, harufu ya majani mabichi na moshi wa kuni imejaa kila mahali. Mjomba Rajabu, mdogo wao Mama, alikuwa amefyeka bonde lote mpaka kwenye ukingo wa kijito. Siku hizo malori yalikuwa yanakuja kununua ndizi na tangawizi kwa yeyote, bei ni maelewano, na kila mtu milimani alikuwa anafyeka. Sikumlaumu hata wakati ule. Naye alikuwa na watoto. Lakini kijito kilikuwa kinateremka chekundu.

Usiku wa magimbi na chai ya mchaichai, Mama akaeleza yaliyompata. Mjomba alicheka.

"Dada, yaani tusilime sisi ili majani ya baharini yapone?"

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye sauti ya chini yenye lafudhi nzito ya Kiluguru kiasi kwamba neno lake la Kiswahili ulilisikiliza mara mbili. Aliomba auone huo mwani. Mama akafungua ncha ya kanga, akampa kipande kikavu. Bibi akakitafuna, akakitema, akauliza watu wanaonunua kitu hiki wana akili gani. Mama alimwambia alichosikia, kwamba huko Ulaya wanakitia kwenye dawa ya meno na kwenye aiskrimu. Bibi alicheka sana, meno yake machache yakaonekana yote.

Kisha akaacha kucheka. Kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na bonde lile lilikuwa la Bibi na la mabinti zake. Mjomba alilima kwa ridhaa yake.

"Rajabu," alisema, "ule ukingo uuache. Rudisha miti. Huko chini nina watoto wawili."

Hapakuwa na mjadala. Mjomba alinuna siku nzima, lakini kabla hatujaondoka nilimwona akichimba mashimo, anapanda mianzi na mikuyu kando ya maji, akitukana chinichini. Miaka ikapita, na yeye ndiye akawa mkali kuliko wote. Mtu akikata hata fito kando ya kijito alimfuata mpaka nyumbani kwake. Majirani wawili watatu wakamwiga. Sisemi mlima mzima ulipona. Sehemu nyingine zimebaki vipara mpaka leo. Lakini kile kijito chetu ukikiangalia unaona mawe ya chini.

Bibi alishatutoka, na Mama Mkubwa pia. Mama ameacha kwenda baharini, magoti hayataki. Mwanaidi ndiye anayelima, naye ananiambia kwamba siku hizi jua limekuwa kali na maji ya kina kifupi yanachemka, mwani unaugua hata bila tope. Kwa hiyo wamehamia kwenye kina zaidi, wanatumia maboya, na wasichana wao wamejifunza kuogelea na kuendesha mitumbwi, mambo ambayo mama zetu wasingethubutu kuyafanya. Nikimsikiliza sisikii mtu aliyekata tamaa. Nasikia mtu anayehamisha vigingi.

Na watoto wa siku hizi, jamani. Hawajui rede, hawajui kombolela, ukimwagiza chumvi dukani anakuuliza kama anaweza kuagiza iletwe. Mjukuu wa Mjomba Rajabu, anaitwa Shabani, anakaa kule kwa Bibi na simu yake haibanduki mkononi. Anasalimia "shikamoo" huku macho yake yapo kwenye kioo cha simu. Nilikuwa nimeshamtoa kwenye hesabu.

Masika yaliyopita nilikuwa huko. Mvua ilianza alasiri, ile mvua ya Uluguru inayoanguka kama imekatwa kamba. Shabani alitoka barazani, akasimama akitazama kijito kinavyopanda, akainua simu mdomoni, akarekodi ujumbe wa sauti.

"Shangazi Mwanaidi, shikamoo. Huku imeshuka kubwa, na ng'ambo naona wekundu. Vuneni mapema."

Baada ya muda mfupi jibu likaingia, sauti ya Mwanaidi ikajaa baraza: marahaba mwanangu, kesho alfajiri tunatoka. Nyuma yake nilisikia wanawake wanaitana, na vicheko. Siku chache baadaye maji ya mlimani yakafika, yakakuta kamba zimeshavunwa na mbegu imeshahamishiwa kusini.

Nilimtazama kijana yule akirudi kuketi na kuinamisha kichwa chake kwenye kioo kama kawaida, na nikamfikiria Mama amekaa kwenye tope katikati ya shamba lake lililokufa. Enzi zetu, habari za mvua ya mlimani zililetwa pwani na maji yenyewe.